Maji ya Trekta Hupotelea Wapi?

Katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, tangu Shauri Moyo na Gikomba mpaka Kariobangi, mafundi wa jua kali hutengeneza mitambo ya kila namna, na trekta kuukuu halikosekani. Lililo maarufu ni Massey Ferguson 135, ambalo lilitengenezwa baina ya miaka 1964 na 1975. Na mara mojamoja huonekana hata lile Ferguson dogo la kijivu, lililoundwa Coventry, Uingereza, baina ya 1946 na 1956. Mwenye trekta hufika na malalamiko ya namna moja: trekta lanywa maji. Asubuhi hujaza rejeta, na adhuhuri mshale wa joto umekwisha kupanda.

Jambo hili si dogo. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, trekta lililolala uani kwa fundi halilimi, na shamba lisilolimwa kwa wakati halingoji. Tena, wengi hulipa fedha za kufungua injini nzima kumbe maji yalikuwa yakitoka katika mpira uliopasuka; na wengine hubadili mipira mara tatu hali ugonjwa umo ndani. Kwa hiyo, kabla ya spana kuguswa, yapasa kwanza kujua maji yanapita njia gani.

Msomaji na akumbuke ya kuwa Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Huko Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100, lakini hapa huchemka karibu na digrii 95. Kifuniko cha rejeta hakikuwekwa kwa ajili ya kuzuia vumbi tu: kina springi inayoyabana maji, na kile chenye alama ya ratili 7 huongeza kiwango cha kuchemka kwa digrii zaidi ya 10. Raba ya kifuniko ikikatika, maji hutoka kwa mvuke na hakuna tone litakaloonekana chini. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo, kitazamwe kwanza. Lakini kisifunguliwe injini ikiwa moto, maana maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso. Wala injini iliyochemka isimwagiwe maji baridi; chuma cha moto kikipoa ghafula hupasuka, na ufa wa bloki ni hasara kubwa kuliko yote yatakayotajwa hapa.

Dalili za nje ni nyepesi kuzipata. Jaza maji, tandaza boksi safi chini ya injini jioni, na asubuhi tazama doa limeanguka wapi. Ukiona chini pakavu, tafuta michirizi ya kutu, au weupe kama wa chumvi, mahali maji yalipokaukia. Mpira wa maji ubonyezwe kwa vidole: ulio mgumu kama ubao, au uliolegea kama utumbo, umekwisha kazi yake, hata kama haujavuja. Vile vizibo vya chuma vilivyopigwa ubavuni mwa bloki huliwa na kutu kwa ndani, kwa hiyo uso wake usikudanganye. Nayo pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shingo yake. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi, ili sili ikichakaa maji yaonekane nje kabla ya kuharibu beringi. Wako mafundi wanaokiziba kwa gundi na kulipisha kazi hiyo! Pampu inayotoa maji hapo yataka sili mpya, na mara nyingi beringi pia.

Rejeta ikishukiwa, ing'olewe. Mafundi wa rejeta huziba midomo yake, huizamisha katika pipa la maji, kisha huingiza hewa kidogo kwa pampu. Mahali palipotoboka hutoa mapovu. Hewa isizidi nguvu iliyoandikwa juu ya kifuniko, kwani rejeta ya zamani yaweza kupasuka mahali palipokuwa pazima. Zile za shaba hutiwa lehemu vizuri, mradi mahali pamesuguliwa mpaka pang'ae. Lehemu iliyopakwa juu ya kutu hutoka baada ya wiki moja. Kazi hiyo ifanywe penye upepo, mbali na watoto, kwa sababu lehemu hiyo ina risasi, nayo ni sumu.

Ikiwa nje ni pakavu kabisa na maji yazidi kupungua, ndipo tuingie ndani. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza polepole kizibo cha kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia kutoka. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yasema habari ile ile. Jaribio jingine ni hili: injini ikiwa baridi, ondoa mkanda wa feni, jaza rejeta mpaka juu, uiwashe kwa muda wa dakika moja tu bila kifuniko. Mapovu yasiyokoma ni pumzi ya silinda inayopenya kwenye maji. Basi ama gasketi ya silinda hedi imekatika, ama hedi yenyewe imepinda au ina ufa.

Hapa yafaa kujua trekta ni la namna gani. Lile Ferguson la kijivu lenye injini ya Standard lina laina ambazo maji huzigusa moja kwa moja, nazo hukalia gasketi zilizo chini. Gasketi hizo zikioza, maji hushuka katika oili bila ya moshi mweupe wala mapovu, na kubadili gasketi ya juu hakutasaidia kitu. Katika 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, laina hazikutani na maji, basi gasketi ya juu na nyufa ndizo za kushukiwa zaidi.

Trekta ambalo limelala usiku na asubuhi injini ikagoma kuzunguka lisilazimishwe kwa stata. Yawezekana silinda imejaa maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Konrodi ndiyo itakayopinda. Fungua nozeli, uzungushe injini kwa mkono mpaka maji yatoke.

Kuhusu kutia bizari, unga au yai katika rejeta, ni kweli ya kuwa tundu dogo laweza kuzibika, na mtu akafika nyumbani. Lakini vitu hivyo huziba na mishipa myembamba ya rejeta pia. Kwa gasketi iliyokatika havina faida.

Hedi ikishushwa, iwekwe rula ya chuma juu yake pande zote na mshazari, na mahali mwanga unapopita pawe ushahidi kwamba yataka kusawazishwa kwa mashine. Gasketi mpya haiwezi kusitiri chuma kilichopinda. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa spana yenye kipimo, kama kitabu cha trekta kinavyoagiza. Na kitabu hicho ndicho kitakachosema kama zikazwe tena baada ya injini kufanya kazi.

Kisha tia maji yasiyo na chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu ambayo mafundi huiita kulanti. Dawa hiyo nyingi ni tamu kwa ladha lakini huua. Ile ya zamani ikingwe katika debe lenye kifuniko, isimwagwe mtaroni ambako watoto hucheza na maji huelekea mto wa Nairobi.