Kuacha sigara kwa msaada wa bure: Faida haisomeki kwenye hesabu ya mwezi mmoja

Na Mwandishi Wetu, Mkunya

MSIMU wa mauzo ya korosho hufunguliwa Oktoba, na kwa wenye maduka wa Mkunya, Newala na Masasi hayo ndiyo mavuno yao pia. Malipo ya mnada yakishamfikia mkulima, bidhaa zilizolala kwenye rafu tangu masika huanza kutoka: mabati, khanga, sukari na sigara. Mvutaji aliyekuwa akinunua moja moja tangu Machi sasa anaagiza pakiti nzima.

Katika mazingira hayo, swali la huduma za bure za kumsaidia mtu aache sigara si la daktari peke yake. Ni la mwenye fedha pia. Wenye mashaka hudai kwamba cha bure hakithaminiwi, na kwamba mvutaji atarudi pale pale mwezi ukiisha. Je, hesabu zinasemaje?

Mfuko wa mvutaji

Tuchukue mfano wa mkulima anayevuta sigara 10 kwa siku, na tukisie shilingi 200 kwa kila moja. Hizo ni shilingi 2,000 kwa siku na 730,000 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali ilitangaza kununulia korosho mwaka 2018, fedha hizo ni sawa na kilo 221 kabla ya makato. Mkulima huyo anabeba kilo hizo ghalani kila mwaka kulipia moshi, kabla hajanunua salfa ya kupulizia mikorosho.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima nchini walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 14.6, na kwa wanawake 3.2.

Wengi huanguka njiani

Uingereza ilianzisha huduma za bure za kuacha sigara mwaka 1999. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilikuta kwamba baada ya wiki nne, zaidi ya nusu ya wateja walikuwa wameacha. Baada ya mwaka mmoja walibaki kama 15 katika kila 100.

Mhasibu mwenye haraka angefunga daftari hapo na kuandika hasara. Lakini kila bidhaa hulinganishwa na mshindani wake. Kati ya wavutaji 100 wanaojaribu kuacha peke yao, wanaofaulu kufika miezi sita hadi mwaka ni watatu hadi watano tu. Kwa hiyo 15 si haba.

New York nayo iligawa bure vibandiko vya nikotini mwaka 2003 kwa wavutaji zaidi ya 34,000. Baadhi ya walioomba hawakupata, kwa sababu ya makosa katika kutuma mizigo. Miezi sita baadaye waliopata na waliokosa walifuatiliwa. Walioacha miongoni mwa waliopata walikuwa asilimia 33, na miongoni mwa waliokosa asilimia 6.

Miaka 14 baadaye

Hesabu ndefu kuliko zote hizo ilifanyika Marekani na Canada kuanzia mwaka 1986. Wavutaji 5,887 ambao mapafu yao yalikwisha kuanza kuziba waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa bure wiki 10 za mafunzo ya pamoja na bigijii zenye nikotini. Kundi jingine liliachwa na matibabu yake ya kawaida.

Baada ya miaka mitano, asilimia 22 ya waliosaidiwa walikuwa wameacha moja kwa moja, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao. Kisha watafiti wakaendelea kuhesabu hadi miaka 14 na nusu. Vifo katika kundi lililosaidiwa vilikuwa 8.83 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na katika kundi jingine 10.38.

Msomaji azingatie jambo moja. Hesabu hiyo ya vifo ilijumuisha kila aliyeandikishwa, hata walioshindwa kuacha, nao ndio waliokuwa wengi. Faida ya wachache waliofaulu ilitosha kupunguza vifo vya kundi zima.

Fundisho kwa Newala

Wilaya zetu hazina mfuko wa New York. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Pakistan unaonyesha njia isiyo na gharama kubwa. Wavutaji waliofika kliniki wakishukiwa kuwa na kifua kikuu walipewa mazungumzo mawili tu na mhudumu wa afya. Baada ya miezi sita, asilimia 41 walikuwa hawajavuta tena, dhidi ya 8.5 ya wasiopewa. Walioongezewa vidonge walifika 45.4, tofauti ambayo si kubwa.

Kliniki za kifua kikuu tunazo, na matibabu ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi sita. Mgonjwa hurudi mara kwa mara kwa mhudumu yule yule. Mtaji unaohitajika hapo ni dakika chache na daftari la kufuatilia.

Tahadhari ni kwenye kipimo. Huduma itakayoanza Julai na kufungwa Septemba itatoa takwimu za kupendeza, kwa sababu miezi hiyo mkulima hana fedha mkononi. Mtihani wenyewe ni Oktoba, malipo yanapoingia na wenzake wanapofungua pakiti barazani. Atakayegharamia kazi hiyo asiridhike na idadi ya waliojiandikisha. Arudi kuwahesabu baada ya msimu wa kwanza wa mauzo, kisha baada ya wa pili.