MNANASI HAUOGOPI JUA, UNAOGOPA MAJI YALIYOTUAMA

Nanasi tunalijua wote. Tunalila, na wengine tunaliuza sokoni. Lakini je, lilitoka wapi? Na mbona shamba la mmoja linastawi, la jirani yake linaoza?

Lilikotoka

Kwao nanasi ni Amerika ya Kusini, katika nchi za leo za Brazil na Paraguay. Wenyeji wa huko walililima zamani sana. Mwaka 1493 Christopher Columbus alilikuta katika kisiwa cha Guadeloupe. Baadaye Wareno walilieneza kwa meli hadi Afrika na Asia. Hata jina "nanasi" lina asili katika lugha za wenyeji wale. Leo hapa kwetu Tanzania linalimwa sana Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, na huko Geita.

Mnanasi unavyokunywa maji

Tazameni majani yake. Yamejikunja kama mfereji. Umande na mvua huteremka humo mpaka kwenye shina. Tena majani hayo hufungua matundu yake ya kupumulia usiku, mchana yakafungwa. Hivyo jua kali haliyanyang'anyi maji mengi. Ndiyo maana mnanasi unavumilia ukame.

Lakini mizizi yake ni mifupi, nayo inataka hewa. Ikikaa ndani ya maji, inaoza. Mkulima huona majani yamenyauka, akadhani ni jua. Kumbe ni maji! Hapo kazi ya mwaka mzima imepotea.

Mahali pa kupanda

Tuchague udongo wa kichanga wenye rutuba, usiotuamisha maji. Uchachu kidogo wa udongo ni mzuri kwa mnanasi. Mvua ya milimita 1,000 hadi 1,500 kwa mwaka inatosha. Baridi kali haufai. Kama ardhi yetu ni nzito, basi tupande juu ya matuta.

Namna ya kupanda

Hatupandi mbegu. Tunapanda machipukizi. Chipukizi kubwa la ubavuni mwa shina huzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Shungi la majani la juu ya tunda huchukua karibu miaka miwili. Kwa hiyo tusiyachanganye katika mstari mmoja.

Tukate machipukizi ya mimea yenye afya tu. Tuyaache kivulini siku chache, kidonda kikauke. Kisha tupande mistari miwili miwili: futi moja kati ya mche na mche, futi mbili kati ya mstari na mstari, na njia ya futi tatu ya kupita.

Tukiona wadudu weupe kama waliopakwa unga, tuwe macho. Wanaleta ugonjwa wa kunyausha, na sisimizi ndio wanaowabeba. Tung'oe mche mgonjwa, tuuchome moto.

Kuvuna

Nanasi likishakatwa haliongezi utamu. Rangi inaweza kugeuka njano, lakini sukari ni ile ile. Anayekata bichi anamuuzia mwenzake uchachu, na kesho mteja harudi.

Basi ndugu, kabla ya kupanda, tusubiri mvua kubwa inyeshe, kesho yake twende shambani tukaangalie. Maji yakiwa bado yamesimama, hapo tupande mpunga. Nanasi tulitafutie mahali pa juu.