Uhifadhi wa wadudu hai wa kulishia reptilia

Uhifadhi wa wadudu hai wa kulishia reptilia ni namna ya kuwatunza wadudu tangu wanaponunuliwa hadi wanapoliwa na mijusi, vinyonga na reptilia wengine wanaofugwa nyumbani. Shughuli hii imeenea hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako wadudu hao huzalishwa kwa wingi na kuuzwa madukani. Miongoni mwa wanyama wanaolishwa hivyo ni mjusi mwenye ndevu (Pogona vitticeps), ambaye asili yake ni Australia, na kinyonga wa Jackson (Trioceros jacksonii), ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania.

Reptilia wengi walao wadudu huvutiwa na windo linalosogea, ndiyo sababu hupewa wadudu hai. Hata hivyo, mdudu aliyekaa siku kadhaa bila chakula wala maji huwa na tumbo tupu, na mlaji hupata faida ndogo kwake. Kwa hiyo afya ya reptilia huanza ndani ya chombo cha wadudu.

Chombo

Chombo kinachofaa ni cha plastiki au kioo chenye kuta laini, ili wadudu wasipande na kutoroka. Mfuniko huwa na tundu kubwa lililozibwa kwa wavu wa waya, kwa kuwa nyenje hutafuna wavu wa plastiki. Ndani huwekwa trei za mayai za karatasi zikiwa zimesimama wima, ili wadudu wapate nafasi ya kujificha na vinyesi vianguke chini. Nyenje waliosongamana hulana wao kwa wao.

Unyevu mwingi huleta ukungu na vifo. Nyenje pia huzama kwa urahisi katika maji ya wazi. Kwa sababu hiyo hupewa vipande vya karoti au sponji iliyoloweshwa. Mizoga na mabaki ya chakula huondolewa kabla havijaoza.

Halijoto kwa kila aina

Kosa la kawaida ni kuwaweka wadudu wote mahali pamoja. Mahitaji yao ni tofauti:

- Nyenje wa nyumbani (Acheta domesticus) hutunzwa kwenye nyuzi 21 hadi 27 za sentigredi. Joto likizidi, hukua na kuzeeka haraka. Baridi ya friji huwaua.
- Mabuu wa mbawakawa wa unga (Tenebrio molitor) huwekwa ndani ya pumba za ngano. Kwenye friji, nyuzi 7 hadi 10, ukuaji wao hupungua sana na huweza kukaa wiki nyingi bila kugeuka bundo. Hutolewa mara kwa mara ili wapate joto na kula.
- Mabuu wakubwa wa Zophobas morio hufanana na hao, lakini hufa wakiwekwa kwenye friji. Hukaa kwenye joto la kawaida la chumba. Wakiwa wengi pamoja hawageuki bundo. Aliyetengwa peke yake hugeuka.
- Mabuu wa nondo wa nta (Galleria mellonella), ambaye wafugaji wa nyuki humjua kama mharibifu wa masega, huwekwa kwenye nyuzi 13 hadi 15. Wana mafuta mengi, kwa hiyo hutolewa kwa kiasi.
- Mende wa Dubia (Blaptica dubia) hustahimili joto la chumba na hawapandi kuta laini.

Lishe ya wadudu

Wadudu wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali reptilia huhitaji kalsiamu walau sawa na fosforasi. Upungufu wa muda mrefu husababisha ugonjwa wa mifupa: taya hulainika, miguu hupinda na mnyama huweza kufa. Wanyama wachanga huathirika zaidi.

Kinga huanza saa 24 hadi 48 kabla ya kulisha. Wadudu hupewa majani ya kijani, karoti na chakula kilichoongezwa kalsiamu. Kisha hunyunyiziwa unga wa kalsiamu muda mfupi tu kabla ya kuliwa, maana nyenje hujisafisha na unga hudondoka. Reptilia wengi huhitaji pia vitamini D3 au mwanga wa urujuanimno ili kalsiamu ifyonzwe mwilini.

Magonjwa na tahadhari

Virusi vya densovirusi huua nyenje wa nyumbani kwa wingi. Miaka ya 2009 na 2010 vililipuka Marekani na Kanada na kufilisi baadhi ya wazalishaji. Wengine walihamia spishi nyingine, kama Gryllodes sigillatus. Kwa hiyo chombo husafishwa kabla ya kuingiza kundi jipya.

Wadudu waliokamatwa nje huweza kubeba viuatilifu au vimelea. Vimulimuli wa Amerika wa jenasi Photinus wana sumu. Mmoja tu huweza kumwua mjusi mwenye ndevu. Nyenje wasioliwa huondolewa, kwa sababu huweza kumng'ata reptilia aliyelala. Kwa kuwa reptilia huweza kubeba bakteria za Salmonella, mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kazi.