Injini ya Lori Ndani ya Jahazi

Mpenda magari akihamia Amu, yaani Lamu, kitu cha kwanza atakachokikosa ni gari lenyewe. Mji wa kale, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hana budi kupisha. Basi kutoka Mombasa humaliza safari Mokowe, upande wa bara. Hapo abiria hushuka gatini na kuvuka kwa boti. Pikipiki zimejipenyeza miaka ya karibuni, na malalamiko juu yake hayajesha. Lakini gari la kufungua boneti Jumamosi asubuhi, la kulalia chini yake na spana mkononi, utalitafuta mpaka uchoke.

Mapenzi ya mashine hayafi kwa kukosa barabara. Huku yamehamia majini.

Ukipita ufukoni mwa Amu wikendi, au Matondoni, kijiji cha magharibi mwa kisiwa kinachosifika kwa mafundi wa majahazi, utawakuta wenye maradhi hayo. Mmoja amefungua mashine ya nyuma ya boti, Yamaha ya kuchanganyiwa petroli na oili, na vipande amevipanga juu ya gunia. Wengine wameinama ndani ya ngama ya chombo kikubwa, wakibishana juu ya injini ya dizeli ambayo zamani ilivuta lori. Wengi wao si makanika kwa kazi. Wana maduka, wanasomesha au wanavua, na siku za mapumziko ndizo za kuchafua mikono.

Mashine ya nyuma ndiyo shule ya kwanza, kwa sababu makosa yake hujionyesha upesi. Ndani yake mna kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa, kinachoitwa impela, ambacho huvuta maji ya bahari kuja kupoza silinda. Ubavuni kuna tundu linalotoa mchirizi wa maji muda wote mashine inapofanya kazi, na nahodha mzoefu huutupia jicho mara kwa mara kama dereva anavyotazama kioo. Mchirizi ukikonda, huenda impela imeliwa na mchanga au njia zimeziba kwa chumvi. Mashine ikiendelea kukimbizwa hivyo, pistoni hukwama. Ndiyo maana mwenye akili, akirudi nyumbani, huichovya mashine katika pipa la maji matamu na kuiwasha dakika chache. Kazi hiyo inachosha, na wengi huiacha ndani ya wiki mbili baada ya kununua mashine mpya.

Injini ya lori ina mambo mengi zaidi, nayo ndiyo huwakesha wapenzi wa kweli.

Barabarani, injini hiyo ilipozwa na redieta iliyopigwa na upepo wa mwendo. Ndani ya chombo upepo huo haupo. Njia ya mkato ni kuyavuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloku. Hufaa, tena hufaa sana, mpaka chumvi ianze kula chuma. Mifereji huziba kwa kutu, injini huchemka, na gasketi ya silinda hedi huungua. Fundi mwangalifu hujaza maji matamu ndani ya injini, kisha huyazungusha katika bomba linalopita nje ya chombo, kando ya mkuku. Hapo bahari hupoza bomba tu, isionje injini. Hata hivyo bomba la shaba lina hila yake: likigusana na misumari ya chuma ndani ya maji ya chumvi, misumari ndiyo inayoliwa. Mbao zinaanza kulegea mahali ambapo hakuna aliyepagusa, na mwenye chombo anamlaumu seremala.

Kisha kuna shafti, ule mtaimbo unaotoka kwenye gia boksi na kutokeza nyuma kwenda kushika propela. Propela inaposukuma chombo mbele, huisukuma shafti nayo irudi ndani, na gia boksi ya lori haikuundwa kubeba msukumo wa namna hiyo. Bila beringi ya kuupokea, iliyofungwa imara juu ya mbao nzito, gia husagika baada ya safari chache. Pale shafti inapotokea nje, tundu huzibwa kwa kamba iliyolowa grisi, ikabanwa kwa nati. Mgeni wa kazi hii huikaza mpaka pakauke kabisa, akajisifu. Mzoefu huacha matone machache yadondoke, maana maji hayo hupoza kamba. Pakikauka, kamba huungua na shafti huchimbika.

Spea za kazi kama hiyo hazipatikani Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambako maduka yamezoea kuuza misumari, rangi na nyuzi za nyavu. Kwa hiyo wikendi huanza Ijumaa baada ya sala, barazani, kwa simu. Picha ya kipande kilichovunjika hutumwa Mombasa, namba iliyochongwa ubavuni ikionekana vizuri. Isipopatikana huko, picha huendelea hadi Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, mahali pa duka la spea baada ya duka la spea. Pesa huenda kwa M-Pesa na mzigo hupakiwa basini. Jumamosi mwenyewe huvuka kwenda Mokowe kuusubiri, na akiwa huko hawezi kujizuia kuzungukia magari mabovu yaliyoegeshwa nyuma ya gereji. Pampu ya maji ya gari lililokufa ni mali. Tangi la dizeli ni mali. Hata usukani una mteja.

Injini nyingine hutoka Ghuba, zikiwa zimetumika, na hapo njia ya zamani imebadilisha shehena. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni yakileta tende, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka visiwa hivi. Leo chuma ndicho kinachoshuka kusini.

Kukusanya vipande mpaka vikawa chombo si jambo geni Lamu, na mfano wake mkubwa hauna hata injini ya kujisifia. Ni FlipFlopi, jahazi lililoundwa hapa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mijini. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, wa ukoo wa maseremala wa Lamu. Wazo lilianzishwa na Ben Morison mwaka 2016. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao, mataruma na mkuku, na ubavu ukavishwa vipande vya kandambili kama 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500. Ugumu wa mafundi ulikuwa kwamba plastiki haina tabia za mti. Iliwabidi wajaribu upya kila kitu walichorithi, jambo ambalo mtu anayelazimisha injini ya lori ikae ndani ya jahazi atalielewa bila kuelezwa.

Jumapili ni ya kupanga karakana. Neno ni kubwa kuliko kitu chenyewe: nguzo za boriti, paa la makuti, meza nzito yenye jiriwa, na minyororo ya kuinulia injini. La muhimu ni mahali pake, na mahali huamuliwa na maji. Chombo kizito hupandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida. Yakishuka, chombo hubaki juu kikiegemea magogo. Zikija siku za maji mafu, bahari haikifikii tena. Fundi anakuwa na takriban wiki mbili za kufanya kazi, mpaka bamvua ya pili ije ikichukue. Kalenda ya Hijra hufaa hapa kuliko ile ya ukutani, kwa sababu bamvua huandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Atakayeanza kutoboa mbao siku ya kumi, spea yake moja ikiwa bado Mombasa, amejitakia.

Msimu nao una neno. Kusi linapovuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, bahari ya nje huchafuka na vyombo vingi hupumzika. Huo ndio wakati wa matengenezo makubwa, ingawa masika huloweza kila kisichofunikwa. Oili chafu inahitaji pipa lake, mbali na mstari wa maji. Hili husahauliwa mno, na wanaoliona kwanza ni wavuvi wa kaa walio jirani.

Baada ya yote hayo linabaki swali ambalo makanika hana ruhusa ya kulijibu peke yake. Ili shafti itoke, lazima fashini, ule mti mkubwa uliosimama nyuma ya chombo, itobolewe. Tundu hilo likishatobolewa vibaya halirudi nyuma. Kulirekebisha ni kubadilisha mti mzima. Kwa hiyo huitwa seremala, mara nyingi mzee ambaye baba yake aliunda majahazi ya tanga tupu. Hukagua mti, huugonga kwa kichwa cha tezo akisikiliza, kisha huvuta uzi kutoka mahali injini itakapokaa hadi alama ya chaki kwenye fashini. Uzi ukipita katikati ya mti, keekee huletwa na kazi inaanza. Ukipita pembeni, husema hapana, na vijana hurudi kwenye hesabu: ama injini ishushwe chini zaidi, jambo linalotaka kukata mataruma, ama jahazi libaki na tanga lake na injini iuzwe kwa mwenye chombo kipana zaidi katika kijiji cha Kizingitini.