Kuifufua Kaya ya Kale

Mtu atokaye Tukuyu kwenda upande wa mlima Rungwe hupita katikati ya migomba. Pengine ndani ya migomba ile huona kaya iliyoachwa: paa limebonyea, mlango umeanguka, na mianzi ya ukuta imetokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Wapitao husema, "Nyumba hii imezeeka." Sivyo. Nyumba ya udongo haifi kwa uzee; huuawa na maji.

Na tujue kwanza jinsi Wanyakyusa walivyojenga hapo kale. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia sana nyumba zile na usafi wake. Fundi alisimamisha mianzi, akaiinamisha kidogo kwa nje. Kati ya mianzi akatia vidonge vya udongo vya mviringo, akavipamba kwa vidole. Kisha akaezeka kwa nyasi nene. Nyumba nyingine zilikuwa ndefu, na ng'ombe walilala humo humo pamoja na wenyewe. Tena wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja, yaani rika lenu ninyi msomao, walitoka kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao kando, ingawa chakula waliendelea kula kwa mama zao. Hivyo kila mwanamume alijua kupasua mwanzi na kufunga fito kabla hajaota ndevu. Siku hizi wajuao kazi hiyo ni wazee wachache, nao hawatakaa nasi daima.

Basi tuseme kijiji chataka kuitengeneza kaya ile, iwe mahali pa mikutano na mafundisho. Jambo la kwanza si udongo wala mianzi, bali ni ruhusa ya ukoo. Kwa desturi wafu walizikwa uani, karibu na nyumba, wala haifai mgeni kuchimba mahali asipopajua. Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, maana maneno ya mdomo husahauliwa mtu akifa.

Ndipo kazi ianze, nayo ianze juu. Wengi hukosa hapa: hukandika ukuta kwanza, kwa kuwa ukuta ndio uonekanao. Lakini mvua ya Rungwe ni nyingi mno. Mahali pengine hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Paa likivuja, kazi yote ya ukutani huoshwa kwa masika moja. Kwa hiyo nyasi mbovu huondolewa wakati wa kiangazi, na paa huezekwa upya kabla ya mvua kurudi. Halafu huchimbwa mfereji kuizunguka nyumba, ili maji yasisimame penye msingi. Mwisho ndio ukuta: mwanzi uliooza hutolewa, mzima huachwa mahali pake.

Wengine hukimbilia saruji, wakidhani ngumu ndiyo bora. Ukuta wa udongo hupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu uliomo hukosa njia ya kutoka, nao huuozesha ukuta kwa ndani huku nje ukionekana mzuri. Udongo na utengenezwe kwa udongo.

Nyumba ikiisha kusimama, itumiwe kwa kazi gani? Watu wa Iringa walipata kulijibu swali hilo. Boma lao lilijengwa na Wajerumani yapata mwaka 1900. Chuo Kikuu cha Iringa kililitengeneza kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho la mkoa. Kaya ya mianzi haina nguvu za boma la mawe. Wala sheria hailindi kila nyumba ya zamani: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na mengine mpaka Waziri ayatangaze.

Kwa hiyo isifungwe kufuli ikingoje wageni. Watoto wafundishwe humo kusuka mikeka, akina mama wafanye vikao vyao, na moto uwashwe mara kwa mara. Moshi hufukuza wadudu walao nyasi na mianzi. Nyumba isiyokokwa moto, hata ikiwa mpya, huliwa kimya kimya.