Vitafunwa visivyookwa vyaokoa muda wa asubuhi, karanga zahitaji uangalifu

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaotoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, kifungua kinywa huishia kuwa kikombe cha chai pekee. Vitafunwa vya tende na karanga, vinavyoandaliwa usiku bila kuwasha jiko, vinaweza kuziba pengo hilo.

Mahitaji ni kikombe 1 cha tende laini zilizotolewa kokwa, kikombe 1 cha karanga zilizokwisha kukaangwa na kumenywa, pamoja na vijiko 2 vya ufuta. Karanga hutwangwa kwanza katika kinu, kisha tende huongezwa mpaka mchanganyiko ushikamane. Mchanganyiko huo hufinyangwa madonge madogo, huviringishwa katika ufuta na kuwekwa kwenye jokofu ndani ya chombo chenye mfuniko. Utamu wa tende huondoa haja ya sukari, nazo karanga huongeza protini na mafuta.

Hata hivyo, uteuzi wa karanga ndio jambo la kuzingatiwa zaidi. Karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi yote. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa kuwa sumu yenyewe haionekani kwa macho, karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu hazina budi kutupwa, na zilizo nzima zihifadhiwe mahali pakavu. Aidha, mwenye mzio wa karanga asipewe kabisa vitafunwa hivi.