Udongo Uliotengenezwa na Mkono wa Mkulima

Mchora ramani ya udongo hatazami juu ya ardhi tu. Hutoboa kwa keekee, akasugua udongo kwa vidole apate kujua kama ni mchanga au mfinyanzi, kisha akapima kina cha kila tabaka. Mahali pengi tabaka hizo humpa habari za mwamba, mvua na mteremko. Lakini yako mashamba ambayo tabaka lake la juu hutoa habari za watu.

Mashamba ya namna hiyo yamo Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani, katika nchi ya mchanga maskini kabisa. Tangu Karne za Kati wakulima wa huko walikata mabonge ya majani ya nyikani, pamoja na mizizi na udongo wake, wakayatandika zizini chini ya mifugo. Yakiisha kulowa mkojo na mavi, yalichukuliwa shambani. Shamba likainuka kidogo kidogo, hata mtu asiweze kuona katika maisha yake; lakini baada ya mamia ya miaka tabaka jeusi lilifika nusu mita, na pengine mita nzima. Kazi hiyo ilikoma mbolea za viwandani zilipoenea, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi mpimaji aandike nini hapo? Akiandika "mchanga" atakuwa amesema habari za chini, akaacha zile zinazolisha watu. Mwaka 1966 Waholanzi waliamua kwamba tabaka jeusi likizidi sentimita 50, udongo huo upewe jina lake. (Mpaka huo ni mapatano tu, jembe halitambui tofauti ya sentimita 49 na 51.) Orodha ya dunia ya FAO na Unesco ilichelewa: ile ya mwaka 1974 haikuwa na jamii ya udongo uliofanywa na watu, na jamii hiyo, yaani Anthrosoli, iliingizwa katika masahihisho ya mwaka 1988.

Hata hivyo naona ramani imesema nusu ya habari. Rutuba ile ilitoka nyikani. Huko Veluwe nyika iliyokatwa na kulishwa mno ilibaki uchi, upepo ukapeperusha mchanga ukafunika hata mashamba. Shamba lililotajirishwa lina jina lake la heshima. Nyika iliyonyang'anywa imeandikwa mchanga tu, kana kwamba ndivyo ilivyoumbwa.

Kwetu Kenya zizi limefanya kazi iliyo karibu na hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika sehemu za Narok, mahali walipolaza mifugo wafugaji wa kale, tangu miaka 3,700 hivi hata 1,500 iliyopita, udongo ungali na fosfori nyingi kuliko ardhi ya kando. Nyasi humea vizuri hapo, na wanyama wa porini huzifuata.

Lakini ramani ya udongo ya Kenya iliyochapishwa mwaka 1982 ni ya kipimo cha moja kwa milioni: milimita moja ni kilomita nzima. Zizi la kale lenye upana wa mita 100 lingekuwa sehemu ya kumi ya milimita, wala hakuna kalamu iwezayo kulichora. Mwenye zizi kuukuu shambani mwake hana budi kulitafuta kwa jembe, akitazama udongo unapogeuka rangi.